Mwaka Nyanya Zilipojikunja

Mama Rehema tulimzika Handeni siku ya Jumanne, na kabla hata wanaume hawajarudi kutoka makaburini nilisikia jina lake likichafuliwa tena. Nilikuwa ndani na wanawake, nyumbani kwa binti yake, mtaa wa Chanika palepale Handeni, nimejitanda kanga kichwani kama wenzangu ingawa mimi ni Mkristo wa milimani. Mkeka ulikuwa umejaa, wengine tumebanana ukutani chini ya dirisha, magoti yakituuma. Mbele yangu walikaa wanawake wawili wenye umri wa kuwa binti zangu, wakimenya vitunguu saumu vya pilau. Mmoja akamwinamia mwenzake. "Huyu marehemu ndiye yule aliyezipinda nyanya za mke mwenzie. Mama alikuwa akitusimulia." Mwenzake akauliza, "Alizipindaje?" Akajibiwa, "Kwa mdomo. Alizisema tu kisimani, zikajikunja shamba zima." Wakaguna, wakaendelea kumenya. Nikawaambia, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa msibani, "Wanangu, nyanya zile zilipindwa na dawa, na dawa hiyo niliipima mimi kwa mikono yangu." Waligeuka wakanitazama jinsi watu wanavyomtazama mzee anayechanganya mambo. "Pole, bibi," mmoja akasema kwa upole kabisa. Nimetukanwa mara nyingi maishani, lakini sikumbuki tusi lililonichoma kama ile pole.

Kwa hiyo nausimulia mwaka ule kabla ya miaka mingine yote. Habari za nilikozaliwa na nilivyolelewa zitasubiri, maana hazina sehemu katika mambo haya. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha kilimo, nikapangiwa kazi kwenye kituo kidogo cha majaribio nje ya mji wa Korogwe. Maabara yetu ilikuwa ghala la zamani la mkonge, na harufu ya zile nyuzi ilikuwa imeingia ukutani kiasi kwamba hata chai tuliyokunywa mle ilikuwa na ladha ya kamba. Kulikuwa na meza mbili ndefu, mizani ndogo, jiko la mafuta ya taa, na kando ya dirisha rafu niliyopanga juu yake makopo ya maziwa yaliyojazwa mchanga na udongo. Humo niliotesha miche ya nyanya. Kutoka ng'ambo tuliletewa chupa ndogo za kahawia zisizo na jina, zina herufi tu, na ndani yake mlikuwa na homoni za mimea zilizotengenezwa na watu. Kila mmea una homoni zake za asili, ndizo zinazoliamuru shina lirefuke, mzizi utoke, jani ligeukie jua. Wataalamu walikuwa wamejifunza kuziiga. Hizo za kuiga, ukitia kidogo sana, kipande cha tawi huota mizizi upesi. Ukizidisha, mmea wenye majani mapana hujikuza ovyo, huku na huku bila mpango, mpaka unajiua wenyewe, na mahindi yaliyo kando yake hayaguswi. Waliozituma chupa zile walitaka kujua ni ipi yenye nguvu zaidi katika joto letu, waiuze kwa wakulima wa mahindi kama dawa ya magugu.

Kazi yangu ilikuwa kuipima nguvu hiyo, na niliipenda. Nyanya ni nyepesi kuzihisi dawa hizi kuliko karibu mmea wowote. Asubuhi nilikuwa naudondoshea mche mmoja tone la dawa na mwingine tone la maji matupu, naviweka vikopo pamoja dirishani, naendelea na mengine. Ikifika saa ya chakula cha mchana vikonyo vya majani ya ule mche wa dawa vimeshaanza kuinama, na jioni jani zima limejikunja kama kidole kinachomwita mtu. Ule wa maji umesimama wima, hauna habari. Nilipima kupinda kwake kwa kipimapembe cha plastiki cha watoto wa shule, nikafika mahali nilikuwa naweza kutazama tu mche nikasema ni chupa ya herufi gani iliyoupinda. Bwana Edmundi, mkuu wa kituo, alikuwa akija kusimama nyuma yangu, suti yake ya kaunda imepigwa pasi hata siku za kwenda shamba, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa msomi mwenye maneno matamu, na wageni walimpenda. "Hii si sumu," alikuwa akiwaambia. "Ni homoni. Kitu ambacho mmea unacho mwilini mwake, utakiitaje sumu?" Wageni walicheka. Mimi pia nilikuwa nacheka.

Msimu wa mvua za masika tukapeleka dawa shambani. Kijiji sitakitaja, kwa kuwa wajukuu wa watu wale bado wanalima pale. Kiko bondeni, upande wa Handeni ukitokea Korogwe. Kituo kilikuwa kimepewa eneo la kupanda mahindi ya majaribio, na eneo hilo liliangukia katikati ya mashamba ya wake wawili wa mtu mmoja aliyeitwa Athumani. Upande unakotoka upepo alilima mke mkubwa, Mama Rehema. Upande upepo unakoelekea alilima mke mdogo, Zubeda, aliyekuwa rika langu. Wote wawili walikuwa wamepanda nyanya. Mimi nilitakiwa kukaa pale kijijini wiki kadhaa nikiyaangalia mahindi, na Athumani akasema nilale kwa mke mkubwa, kwenye chumba cha binti yao Rehema, ambaye alikuwa akisoma Handeni kwa mjomba wake.

Chumba kile nakiona hata sasa. Kitanda cha kamba, sakafu ya udongo iliyofagiliwa ikabaki na mistari ya ufagio, na kidirisha cha ubao ambacho ukikifungua unaona jiko la nje na, ng'ambo ya ua, mlango wa Zubeda. Jioni ya kwanza Mama Rehema alinipikia ugali wa muhogo wanaouita bada, na mlenda. Mimi niliyekulia makande sikuwa na ujuzi wa mlenda. Ulinivuta uzi kutoka kwenye sahani hadi kidevuni, nikawa nafukuzana nao kwa kidole, na Mama Rehema akacheka mpaka akajishika mbavu. "Nyie watu wa milimani mnakula kama mnaogopa chakula," akasema. "Kata uzi, mwanangu. Zungusha mkono." Akanionyesha. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya juu, asiyejua kunong'ona. Alichokuwa nacho moyoni kilitoka mdomoni wakati huohuo, kiwe kitamu au kichungu, na baada ya hapo alikuwa hana tena habari nacho. Ni tabia njema kwa mtu anayeishi na watu wema.

Kupitia kile kidirisha nilisikia maisha ya wake wale wawili. Hawakuwa maadui. Waligombana kama wanavyogombana watu wanaochangia mwanamume mmoja na kisima kimoja: nani kaacha kinu nje kikanyeshewa, nani kampa mwenzie chumvi iliyolowa. Jioni ukasikia mmoja anamwita mwingine aje achukue kisamvu. Asubuhi moja tulikuwa kisimani, wanawake wengi, na Zubeda alikuwa akijisifu. Nyanya zake zilikuwa zimebeba kweli, za kwanza zimeanza kunenepa, na alikuwa akisema atawajaza wachuuzi wote wa soko la Manundu kule Korogwe, na Athumani keshamwahidi kanga mbili. Hilo la kanga ndilo lililomuuma Mama Rehema. Akajitwika ndoo yake, akasema kwa ile sauti yake, "Haya, bi mdogo. Tutaona kama zitaiva." Wanawake wakacheka, Zubeda mwenyewe akacheka huku akisonya. Nilikuwepo. Yalikuwa maneno ya wivu wa dakika moja, na njia nzima ya kurudi nyumbani Mama Rehema alikuwa akizungumzia paka aliyemwibia dagaa.

Siku ya kupuliza dawa tulimngoja Bwana Edmundi tangu asubuhi. Maelekezo yaliyokuja na chupa yalisema dawa ipulizwe mapema, upepo ukiwa umelala. Alifika watu wameshatoka kuswali adhuhuri, jua kali, na upepo ulikuwa umeamka. Vumbi la njiani lilikuwa linakimbia. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, kwa upepo huu itavuka." Akatazama juu kana kwamba upepo ni kitu cha kuonekana, akasema, "Hilda, nimetoka Korogwe mpaka hapa. Nirudi kwa sababu ya upepo?" Vibarua wakavaa pampu mgongoni, wakaingia kwenye mahindi. Niliona ukungu wa dawa ukitoka kwenye mipira yao, ukainuka kidogo juu ya mahindi, ukaondoka kwa mshazari kama moshi wa jikoni, ukavuka njia. Kule ulikokwenda, Zubeda alikuwa ameinama akifunga nyanya zake kwenye vijiti. Alisimama, akajiziba pua kwa upindo wa kanga, akatupungia mkono. Bwana Edmundi akampungia pia.

Asubuhi yake tuliamshwa na kilio. Nilitoka mbio na Mama Rehema, watu wakitoka kila nyumba wakidhani kuna maiti. Zubeda alikuwa amekaa chini katikati ya shamba lake, miguu ameinyoosha, akijipiga mapaja. Nyanya zote zilikuwa zimejikunja. Mashina yaliyokuwa wima jana yalikuwa yamejipinda chini, yakajipindua tena juu kama mikia ya nguruwe. Majani yalikuwa yamejiviringa na kukaza, na ncha zake zilikuwa zimesokotwa. Ng'ambo ya mahindi yetu, nyanya za Mama Rehema zilikuwa zimesimama, mbichi, zinang'aa kwa umande. Sikuhitaji kipimapembe. Niliujua mpindo ule kama ninavyoujua mwandiko wangu, na niliijua chupa yake.

Nikamwambia Athumani palepale, mbele ya watu. "Mzee, ni dawa yetu. Upepo umeileta." Athumani hakuwa mjinga, na hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alilitazama shamba, akanitazama mimi, akauliza, "Dawa mmeipuliza wapi?" Nikasema kwenye mahindi. "Mbona mahindi hayakupinda?" Nikaanza kueleza habari za majani mapana na majani membamba. Akainua mkono. "Na za Mwanaidi, huyu mke wangu mkubwa, zilizo ubavuni mwa mahindi yenu vilevile, mbona ziko wima? Dawa gani hiyo inayochagua?" Mwanamke mmoja nyuma yake akasema, polepole, "Jana juzi kisimani alisema tutaona kama zitaiva." Nikaona nyuso zikigeuka, moja baada ya nyingine, kumtazama Mama Rehema. Yeye alikuwa bado anamhurumia Zubeda. Alikuwa ameinama anajaribu kumwinua. Zubeda akautupa mkono wake. Athumani akaniambia, "Kama ni dawa, binti, mkubwa wenu aje aseme mwenyewe. Akisema, nitaamini."

Nilidandia lori la mkaa hadi Korogwe. Njia nzima nilikuwa na furaha, nawaza jambo limeshakwisha: Bwana Edmundi atakuja, atasema, mtu mzima mwenye elimu na gari la serikali, na watu watamsikia. Nilimkuta ofisini akinywa chai. Nikamweleza yote, mpaka maneno ya kisimani. Alisikiliza vizuri, aliuliza hata umbali gani mpindo ulifika, akafurahia kwamba dawa ina nguvu kiasi kile. Kisha akasema, "Sasa wao wanasemaje ni nini?" Nikasema, "Wanasema mke mkubwa kazichezea. Wanasema uchawi." Akaweka kikombe chini. Alitabasamu, na tabasamu lile ningeweza kulichora hata leo. "Basi waache na uchawi wao." Nikadhani sikusikia. Akaendelea, kwa ile sauti tamu ya kuelimisha wageni, "Hilda, fikiri. Nikienda kusema ni sisi, kesho kila mwenye mchicha uliokauka atakuja hapa. Walioleta chupa watachukua chupa zao. Wewe utakosa kazi, mimi nitakosa kituo. Wakisema uchawi, nani atatusumbua? Uchawi hauombi fidia." Nikamwambia kuna mwanamke anaangamia kule. Akasema, "Wale wana mambo yao ya kienyeji. Watayamaliza kienyeji." Akavuta tena kikombe.

Miaka yote hii watu wenye vyeo wamekuwa wakiniambia kwamba tatizo la Handeni ni ushirikina. Wamesema kwenye semina, kwenye redio, kwenye hotuba za kufungua matamasha, na wengine walikuwa wakila kuku wa wanakijiji haohao huku wakisema. Kila nilipowasikia damu ilinichemka. Athumani aliuliza swali zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa na wasomi: dawa gani hiyo inayochagua? Lilikuwa swali la kisayansi, na lilikuwa na jibu. Mtu mwenye jibu alikuwa kilomita chache kutoka pale, ana gari na mafuta, na alichagua kulikalia jibu kwa sababu uongo ulimfaa zaidi. Halafu tunaambiwa wajinga ni wale waliobaki bila jibu.

Niliporudi kijijini, masufuria ya Mama Rehema yalikuwa uani. Mganga alikuwa ameletwa kutoka kijiji cha mbali, akazunguka mashamba yote mawili, akatamka alichokuwa ameitiwa akitamke, na Athumani akatoa talaka asubuhi ile. Mama Rehema alikuwa amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa, sanduku la nguo miguuni, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akinong'ona. "Mwanangu, hata mimi najiuliza," akasema. "Nilisema maneno yale. Labda mdomo wangu una kitu nisichokijua." Pale ndipo nilipokasirika hasa. Kumwita mtu mchawi ni dhuluma. Kumfikisha mahali ambapo yeye mwenyewe anaanza kuukagua mdomo wake, anaogopa ulimi wake aliozaliwa nao, hiyo sijui niiite nini.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikampigia magoti, nikaomba baraza. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. Akasema, "Maneno yako watu wameshayasikia, binti. Una nini kingine?" Nikasema nina nyanya. Nilirudi Korogwe, nikachukua makopo yangu ya miche kutoka dirishani na ile chupa ya kahawia, nikavipakia kwenye kikapu mchana kweupe, mlinzi akanisaidia kukiinua. Asubuhi ya baraza niliyapanga makopo kwenye meza ya darasa la shule ya msingi, watu wamejaa kwenye madawati na madirishani. Nilijua nikidondosha dawa kwa mkono wangu watasema nimewafanyia kiini macho. Nikamwita Zubeda. Alikuja shingo upande, macho yamevimba. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyeumia. Chagua miche ya dawa na miche ya maji. Dondosha mwenyewe." Nikachanganya dawa mbele yao, hafifu sana, tone moja katika jagi la maji, mwenyekiti akalitikisa. Zubeda akachagua. Alidondosha kwa uangalifu wa mtu anayemtia mtoto dawa ya macho. Mwenyekiti akasema watu wabaki, chakula kiletwe pale pale, mtu asiiguse meza.

Tukakaa. Wanawake walileta uji na mihogo ya kuchemsha. Mama Rehema aliketi dawati la mwisho, peke yake, hakuna aliyekaa karibu naye. Nikaenda kukaa naye, tukala muhogo. Wazee walizungumza habari za mvua na ng'ombe wa Wamasai walioingia mashambani. Zubeda peke yake hakuondoka mezani. Alisimama akiitazama ile miche kama anayengojea maziwa yachemke, na ndiye aliyeona kwanza. Alitoa sauti ndogo. Watu wakainuka, wakajazana. Majani ya miche aliyoidondoshea dawa yalikuwa yameshuka mabega, na ncha zimeanza kujikunja mbele ya macho yao. Ya maji ilikuwa wima. Kadiri jua lilivyoteremka ndivyo ile ya dawa ilivyojipinda, hadi ikawa na umbo lilelile, mikia ya nguruwe, la shambani. Mzee mmoja akachukua jani la hindi alilonitaka niliwekee dawa pia asubuhi, akaligeuzageuza. Halikuwa na neno. "Kumbe kweli inachagua," akasema. Mwenyekiti akauliza, "Upepo siku ile ulivuma kwenda wapi?" Na watu wenyewe, si mimi, wakanyoosha mikono kuelekea shamba la Zubeda.

Zubeda alipita katikati ya watu hadi dawati la mwisho, akapiga magoti, akaweka kichwa chake mapajani mwa Mama Rehema. Athumani alisimama, akakohoa, akatazama paa la bati. "Basi," akasema, "kama ni hivyo, mke wangu arudi nyumbani. Talaka niliyotoa ni moja tu. Namrejea." Alisema kama mtu anayerudisha jembe aliloazima. Mambo ya eda na kurejea mimi siyajui vizuri, lakini nilimwona mzee wa msikiti akimkunjia uso. "Muulize kwanza," akamwambia. "Huyu si mbuzi aliyepotea." Wote tukamgeukia Mama Rehema. Alipojibu, ile sauti yake ya juu ilikuwa imerudi. "Nimeachwa kwa nyanya," akasema. "Nirudi ili mwakani niachwe kwa bamia?" Darasa zima likalipuka kwa kicheko, hata wazee. Athumani hakucheka. Mama Rehema pia hakucheka. Siku iliyofuata alibeba sanduku lake akaenda Korogwe, akapanga chumba Masuguru.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia pale, ukweli umesimama, watu wamefunguka macho. Bwana Edmundi alipata habari, na ndani ya wiki alikuwa kijijini kwa gari, na mazungumzo matamu, na mbegu za bure. Aliwaambia mimi ni msichana mwenye matatizo, nimeiba mali ya kituo, na kwamba kile nilichowaonyesha hakikuwa dawa ya mahindi bali maji ya betri ya gari. Nusu ya kijiji haikumwamini. Nusu nyingine ilimwamini, kwa sababu ilikuwa imeshamfukuza mwanamke na kumtenga, na ni vigumu kuamka asubuhi ukijua ulimtenga mtu asiye na kosa. Mchawi ni rahisi kuishi naye kuliko aibu. Kituoni aliniita, akafunga mlango, akaniambia niondoke kabla hajaita polisi kwa wizi wa chupa. Nikamuuliza kama anajua jina la yule mwanamke. Alifikiri. Hakulijua. Alistaafu kwa heshima, akapewa sherehe, na dawa ile ilikuja kuuzwa madukani ikiwa na picha ya hindi nene kwenye lebo. Hadi leo nikimwona mtu akiipuliza mchana upepo ukivuma, nateremka kwenye gari kwenda kumgombeza, na wajukuu zangu wanaona haya.

Sikuwa na pa kwenda isipokuwa Masuguru. Mama Rehema alinifungulia mlango bila kuuliza, akanionyesha upande wangu wa kitanda, na kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule tuliishi chumba kimoja. Alfajiri tulikaanga vitumbua, nikavipeleka Manundu kwenye beseni kichwani, mwenye cheti cha kilimo, na mchana tulipika wali kwa wapagazi na mafundi. Chumba kilikuwa na joto la jiko na harufu ya iliki. Pazia la kanga liligawa kitanda na masufuria. Hasira yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko chumba. Kila jioni nilikuwa naisema upya: Edmundi, Athumani, mganga, yule mwanamke wa kisimani, Zubeda aliyeutupa mkono wa mwenzake. Mama Rehema alisikiliza huku akichagua mchele, mara nyingine akiongeza jina nililolisahau.

Mchana mmoja, mwaka ukiwa unaisha, mtu alibisha hodi. Alikuwa Zubeda, na furushi kichwani, vumbi hadi magotini. "Shikamoo, bi mkubwa," akasema, akiwa bado mlangoni. "Marahaba," akajibu Mama Rehema. Zubeda akalitua furushi. "Nimeondoka. Mbuzi wawili wa Athumani wamekufa. Aliingia ndani akakaa, akanitazama mimi. Hakusema kitu, alinitazama tu. Sikungoja aseme." Mimi nilikuwa nimeshasimama. Maneno yote ya zile jioni yalinijaa mdomoni. "Na wewe hukumtazama mwenzio vilevile?" nikamwambia. "Si wewe uliyeutupa mkono wake mbele ya kijiji kizima? Leo unakuja kwake kufanya nini?" Zubeda akainamisha kichwa.

"Hilda, kaa," Mama Rehema akasema. Sikukaa. Akanigeukia, na hakunong'ona. "Huyu alipoteza shamba, akalia kwa akili aliyokuwa nayo siku ile. Hakujua. Hata mimi sikujua. Hasira yako ni ya kweli, mwanangu, wala usiitupe, lakini usimpe asiyehusika kwa kuwa ndiye aliye karibu. Mpelekee yule aliyejua akaendelea kunywa chai." Kisha akamwambia Zubeda, "Wewe nawa mikono, wali wa watu unachelewa."

Zubeda akanawa. Akaketi mkekani kati yetu, akavuta ungo, akaanza kuchagua mawe kwenye mchele, machozi yakimdondokea mikononi, na hakuna kati yetu aliyemwambia anyamaze.